Nilichokiona Katika Programu Yako, Mauwa

Mwanangu Mauwa,

Mama yako anakufungia sanduku, na ameshakuambia kuhusu maji ya kunywa, kuhusu motari wa kumwamini akubebe kwa pikipiki, na kuhusu shangazi yako wa Kindu asiyependa mtu achelewe kula. Hapo sina la kuongeza. Ila kuna jambo moja uliloniomba mimi, na sijalifanya.

Jumatatu ulinipa programu yako niijaribu kwenye foni, redio yangu ya kuongea na vituo vya mbali. Ulisimama mlangoni pa chumba changu cha redio ukasema, "Papa, uniambie kweli. Lakini usiniuwe sawa vile uliuwaga Mwalimu Sefu." Ukacheka, ukaenda sokoni. Leo ni Alhamisi. Kesho asubuhi unaondoka Kasongo, na Jumamosi programu hiyo itatumwa kwa vituo vyote: Kabambare, Wamaza, Lusangi, Nyangwe. Kila ukiniuliza nakujibu, "Bado naangalia." Ni uongo. Nilimaliza kuangalia Jumanne. Nimeona kitu, na si kitu kidogo, na mimi ambaye sijawahi kukosa maneno katika mji huu nimekosa namna ya kukisema.

Unajua watu wa hapa wananiitaje. Nimeandika barua za wazi dhidi ya wakubwa wa eneo, dhidi ya wanunuzi wa dhahabu, dhidi ya mapadri na mashehe wakati mmoja, wote wakakasirika, mimi nikala vizuri na kulala. Kantini yangu, lile sanduku la bati la vitabu, imejaa watu waliogombana na dunia, nami niliwasoma nikitafuta namna ya kugombana vizuri zaidi. Leo namwogopa binti wa miaka ishirini na mmoja. Sielewi. Nakuandikia ili nione kama nitaelewa nikifika chini ya ukurasa.

Mwalimu Sefu ni mzima, anafundisha hisabati Kindu hadi leo. Tulichokiua ni hamu yake. Nasema "tulichokiua" kama kwamba tulikuwa wengi. Nilikuwa peke yangu. Wewe ulikuwa wa tano sekondari na hadithi hiyo unaijua nusu tu.

Yeye na wenzake wanne ndio walioanza ile programu: unaandika barua kwenye kompyuta, kompyuta inaigeuza kuwa sauti kama za nyenje, foni inazirusha, na kompyuta ya upande wa pili inazirudisha kuwa maandishi. Kwa sehemu ambazo rezo, mtandao wa simu, haifiki, ilikuwa kama mtu kuletewa daraja. Walitualika sisi wenye foni kwenye kundi la simuni, watu sitini hivi, tuijaribu na kusema tumeona nini.

Sasa sikiliza jinsi nilivyojaribu. Mtu wa foni ana tabia zake. Betri inakwisha, jua la kuichaji halijulikani litatoka lini, na vituo vitatu vinasubiri kuongea. Hatusalimiani, hatuulizani habari za watoto. Ujumbe usiposikika tunasema "Negatifu, rudia," na mwenzako anarudia, wala hakasiriki. Miaka ishirini nimeishi hivyo. Kwa hiyo programu ya Sefu iliposhindwa kuwaka kwangu, niliandika kundini: "Negatifu. Rudia."

Akauliza kwa upole, "Papa, negatifu namna gani? Mashini iliandika nini?"

Nikajibu, "Negatifu. Rudia."

Nilidhani nasema lugha yetu. Nilidhani hata namheshimu, namchukua kama mtu wa kazi na si mtoto wa kubembelezwa. Kumbe yeye alichukua programu nzima akaanza kuipitia upya kutoka mstari wa kwanza, siku tatu, akitafuta kosa ambalo mimi nililiona kwa macho yangu na sikumwambia liko wapi. Kosa lilikuwa hili: programu ikiwaka ilitafuta rezo kwanza, ili ijue kama kuna toleo jipya. Rezo isipokuwepo ilibaki pale inatafuta. Programu ya watu wasio na rezo ilikuwa inaomba rezo! Nilikuwa na haki, Mauwa. Mpaka leo nikilikumbuka damu inachemka.

Kosa la pili ni langu, ni kubwa zaidi, na ni kosa la watu wa huku. Ile programu, kabla ya kuanza kutafuta rezo, ilionyesha picha ya mnara na miali. Logo. Wewe umezaliwa huku, unajua. Kitu chenye logo hapa kwetu kina ONG, shirika la wafadhili, nyuma yake. Kina jeep nyeupe, kibao kando ya njia, bosi anayekuja mara moja kwa mwaka kupiga picha. Haikunipitia kichwani kwamba mtu anaweza kuchora logo kwa sababu tu anapenda kazi yake ipendeze. Nikaandika barua ya wazi ya kurasa nne. Niliita "Programu ya Watu wa Maji ya Chupa." Niliuliza bajeti imeliwa na nani. Niliuliza kama wataalamu hao wamewahi kukanyaga tope la kwenda Wamaza. Ilisomwa kwenye redio ya mji Jumapili, na pale jirani yetu anapouza muhogo watu walinipigia makofi.

Wewe ndiwe uliyeniharibia chakula. Ulikuwa unaosha vyombo.

"Papa, ule mutu ni mwalimu wa shule."

"Najua."

"Kwa programu, analipwa na nani?"

"Na mradi."

"Mradi gani?"

"Mauwa, osha vyombo."

"Niko naosha. Mradi gani?"

Niliuliza kundini, kwa mara ya kwanza nikiuliza badala ya kutangaza, na mmoja akaniandikia: hakuna mradi. Ni watu watano wanaopenda redio za zamani. Wanafanya baada ya kazi zao. Sefu anatumia kompyuta ya mkewe.

Kisha kundini ukaja ujumbe wa sauti ya Sefu. Niliusikiliza mara moja, sikuweza mara mbili, lakini naukumbuka. Mvua ilikuwa inapiga mabati yake na watoto wanagombana nyuma. "Papa Mauwa, ni miye Sefu. Miye sina bureau ya kukalia. Maji ya chupa niliyanywaga siku ya ndoa yangu. Ile maneno ya rezo mulisema kweli, iko nafasi nilikosea, nimeisha kuitengeneza, mutaipata kesho. Lakini miye nachoka, Papa. Ninawaachia." Kesho yake programu mpya ikafika, ikawaka bila rezo, safi kabisa. Sefu alikuwa ameshatoka kundini.

Hapa ndipo ninapopotea, mwanangu, na nimepotea hapo miaka minne. Rafiki zangu walisema, "Unaona? Bila kumpiga angetengeneza?" Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuwasikia. Nilitaka wawe na haki. Aliponiacha nilikuwa nimeshinda kila nilichokidai. Na baada ya ushindi wangu hakuna mtu aliyeigusa programu ile kwa mwaka na nusu. Kompyuta ya Wamaza ilipoharibika wakaleta nyingine, programu ikakataa, na wale wenzake wanne bila Sefu hawakujua pa kuanzia. Nilishinda kitu gani?

Kuna mtu mmoja tu aliyenijibu vizuri, na hakuwa rafiki yangu. Mama Anjelani wa kituo cha afya cha Wamaza, yule mwenye sauti nzito unayemwigiza. Wiki ile ile niliyokuwa nikisema negatifu, motari mmoja alikuja Kasongo na karatasi yake, niiandike kundini kwa niaba yake. Ilisema: "Mwalimu, ni miye Anjelani. Jana saa nne asubuhi niliwasha mashini. Huku rezo hakuna. Ikaandika 'ninatafuta', ikabakia vile mpaka betri ikaisha. Nilikuwa nataka kutuma hesabu ya dawa. Nilikosea wapi?"

Maneno ya mwisho yalinikasirisha kuliko kitu chochote. Nikamwita kwenye foni, kila mmoja akimpa mwenzake zamu kwa "à vous".

"Anjelani, kwa nini unajishusha? Kosa ni lao. À vous."

"Nani amejishusha? À vous."

"Umeandika 'nilikosea wapi'. Hukukosea popote. À vous."

"Papa Mauwa, miye nilijua namna gani? Pengine nilifinya pabaya. Weye unataka kushinda, miye nataka dawa. Uiandike sawa vile iko, usiongeze ukali wako. À vous."

Niliiandika. Sikuongeza kitu, ila nilicheka. Niliona ni unyonge wa watu waliozoea kuomba. Baadaye sana nilipata kujua kwamba Sefu alitengeneza ile sehemu ya rezo kwa karatasi ya Anjelani. Kurasa zangu nne hazikumwonyesha kitu. Aliyeniambia ni mwenzake mmoja, na hakuniambia kwa ubaya: katika kurasa nne hakuna pahali nilipoeleza nilifinya nini na nikaona nini. Mimi ninayejiita mwandishi! Kurasa nne, na msomaji wangu hakuweza kujua kilichotokea chumbani mwangu.

Lakini ngoja, bado sijatulia. Kama Anjelani angeandika peke yake, karatasi moja ya mama mmoja wa Wamaza, wangeisoma? Au waliisoma kwa sababu mimi nilikuwa napiga kelele mlangoni? Sijui. Kuna siku naamka nikiwa na hakika kwamba ukali ni lazima katika nchi hii ambako mpole anasubiri mpaka kufa. Mchana nakumbuka ile mvua kwenye mabati ya Sefu. Haya mawili nimeyabeba pamoja na hayajawahi kupatana.

Nilijaribu kumwomba msamaha. Niliandika barua saba. Kila moja ilianza vizuri, na ikifika mstari wa sita nilikuwa nimeanza tena kumweleza kwa nini nilikuwa na haki kuhusu rezo. Mwisho nilikutana naye Kindu, karibu na mto, amebeba mtoto mabegani. Nikasema, "Mwalimu, ile barua yangu..." Akasema, "Hakuna shida, Papa," akaniuliza habari za njia, akaenda zake. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Matusi ningeyajibu. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu ambaye haoni tena sababu ya kunikasirikia.

Basi nikageuka. Unakumbuka mwaka ule nilivyokuwa mpole kundini? Ulifikiri ni umri. Kila aliyeleta kitu nilimwandikia "Kazi nzuri, ndugu, endelea." Kuna fundi wa Nyangwe, mtu mzima, alitengeneza kisehemu cha kuonyesha betri imebaki kiasi gani. Kilikuwa kinadanganya. Betri inakaribia kufa, chenyewe kinaonyesha nusu. Nililiona siku ya kwanza. Nikaandika "Kazi nzuri." Anjelani alizimikiwa katikati ya ujumbe wa mama aliyekuwa anatoka damu, na ilibidi mtu apande pikipiki mpaka Kabambare. Mama yule alipona. Anjelani alipojua nilikuwa nimeona, aliniita kwenye foni mbele ya vituo vyote.

"Uliiona? À vous."

"Niliiona. À vous."

"Ukanyamaza juu ya nini? À vous."

"Sikutaka kumvunja moyo. À vous."

Akasema, "Papa Mauwa, tangu lini miye nilikuombaka moyo wa ule fundi? Terminé." Akazima foni. Yule fundi mwenyewe alinikasirikia zaidi ya Anjelani. Alisema nimemfanya mjinga mbele ya watu. Na alikuwa anaweza kukitengeneza kwa siku moja.

Kwa hiyo ukiuliza nimejifunza nini, nimejifunza kwamba nimeharibu kwa pande zote mbili. Wengine wananishauri: sifu kidogo, sema kosa katikati, sifu tena mwishoni. Kwinini ndani ya ndizi. Nachukia jambo hilo. Mtoto akishaijua kwinini iliyo ndani, hali tena hata ndizi. Lakini sina dawa nyingine ya kukupa mkononi, na kwako wewe jambo linazidi kuwa gumu kwa sababu mimi na wewe tuna hesabu yetu ya zamani.

Ulikuwa na miaka tisa. Uliandika insha kuhusu siku tuliyokwenda Nyangwe, ukaniletea niisome. Nilichukua kalamu nyekundu. Nilikuwa nasahihisha na huku nafurahi, maana niliona una akili, na mtu mwenye akili ndiye anayestahili kusahihishwa. Niliweka alama nyekundu kumi na tisa. Uliitazama karatasi, ukaniuliza, "Papa, na ile samaki uliipenda?"

Nikasema, "Samaki gani?"

Hukuniletea tena maandishi yako mpaka ulipofika sekondari. Mama yako ndiye aliyeniambia kwamba ukurasa wote wa pili ulikuwa samaki aliyeruka kutoka kwenye mtumbwi na bibi mmoja akamdaka kwa kitenge. Ukurasa mzima. Nilipita juu yake nikihesabu herufi kubwa.

Ndiyo sababu siku nne nimenyamaza. Ulianza kuifufua programu ya Sefu bila kuambiwa na mtu, kwenye ile kompyuta yenye kioo kilichopasuka. Nimekuona. Hakuna anayekulipa, na huko Kindu wale wanne waliobaki wanakusubiri kama mgeni wa heshima. Nikisema kama ninavyojua kusema, nitakuona mwakani ukimbeba mtoto wa mtu kando ya mto na kuniambia hakuna shida. Nikinyamaza, Jumamosi kitu hiki kitafika Wamaza.

Nimemwuliza mama yako. Amesema, "Umwambie tu, weye mutu! Ni mutoto yako, si gavana." Nimemwuliza Anjelani nifanye nini, akasema niandike alivyoandika yeye. Nikamwambia mimi sina unyonge ule. Akasema, "Si unyonge, ni kuandika ulichokiona." Sijui kama nimekubali. Najaribu.

Jumanne saa tatu asubuhi niliwasha programu yako. Iliwaka upesi, bila rezo, na betri ilishuka kidogo kuliko kwa programu ya zamani. Sehemu hiyo usiiguse. Nikaandika ujumbe wa mistari kumi na miwili kwa Wamaza, ujumbe wa kubuni, kuhusu mgonjwa anayetakiwa kuletwa Kasongo. Nikafinya "Tuma". Sauti zikalia kama dakika mbili. Kioo kikaandika "Imefika". Nikamwita Anjelani kwa mdomo, nikamwomba anisomee alichopata. Alisoma mistari minane, akauliza, "Na mugonjwa apitie njia gani?" Njia ilikuwa mstari wa tisa. Kwake mashini haikuonyesha kwamba kuna kitu kimekatika. Kwangu ilionyesha kwamba yote yamefika. Ujumbe wa mistari minane au chini yake unapita mzima. Wa tisa na kuendelea unakatwa, na pande zote mbili hakuna anayejua.

Mimi nilitegemea "Imefika" itokee pale ambapo mistari yote imefika. Labda wewe uliiweka ionyeshe tu kwamba mashini ya kule imeitika. Sijui ulivyoipanga, ndiyo maana nauliza. Kama Jumamosi utaituma hivi hivi na onyo la mistari minane, au utasubiri mpaka uitengeneze, ni juu yako na wenzako. Ningekuwa mimi ningesubiri. Anjelani yuko tayari kukujaribia asubuhi yoyote kabla ya saa nne. Amesema umwite mwenyewe, mimi nisiwe katikati.

Bado kitu kimoja. Sikufanya jaribio hilo mara moja. Nililifanya mara sita. Mara ya pili nilibadilisha betri. Mara ya tatu nilimwomba Anjelani azime mashini yake na kuiwasha upya. Mara ya nne niliandika ujumbe mwingine kabisa, nikidhani ni vidole vyangu. Mara ya tano nilipanda juu ya nyumba kukaza waya wa antena, na mama yako chini ananipigia kelele nishuke kabla sijavunja mguu. Uliniona pale ulipotoka sokoni, ukauliza, "Papa, unatafuta nini huko juu?" nikakuambia hakuna kitu.

Nilikuwa natafuta kosa langu. Nilitaka sana liwe langu, Mauwa. Nilishuka, nikajaribu mara ya sita, ujumbe ukakatika pale pale.

Baba yako